Panya Aliyekula Ukurasa wa Mwisho

Panya yule hakuwepo. Kwa miaka karibu thelathini nimemwambia mume wangu, watoto wangu na, Mungu anisamehe, wasomaji wa gazeti moja, kwamba panya alikula ukurasa wa mwisho wa kitabu chetu cha Kiingereza. Gazetini nilimpa hata mkia mrefu.

Darasa letu la sekondari, hapa Likasi, kusini mwa Kongo, lilikuwa na kitabu kimoja tu cha Kiingereza. Viwanda vilikuwa vimenyamaza, mwalimu aliishi kwa michango ya wazazi, nasi tulisoma kwa zamu. Kila jioni mwanafunzi mmoja alikwenda na kitabu nyumbani, na asubuhi, kabla ya kengele, alinakili ukurasa unaofuata ubaoni. Tulimwita balozi. Aliyekiharibu hakupewa zamu tena, na mimi, msichana asiyejua kuimba wala kukimbia, sikuwa na cheo kingine duniani.

Hadithi ilihusu tarishi wa Uingereza aliyehangaika nyumba kwa nyumba na barua isiyo na jina. Ukurasa wa mwisho uliniangukia mimi. Ulikuwa umelegea, nikauchomoa ili niusome vizuri, kisha nikausahau mezani. Mama, ambaye aliuza karanga karibu na shule tangu baba akose kazi, aliamka kabla yangu, akasokota kila karatasi aliyoiona ili afungie karanga zake.

Nilimkimbilia barabarani.

"Ile ya Kizungu? Iliisha kuenda," akasema bila kugeuka. "Ilikuwa karatasi ya nguvu. Ulete ingine."

Mwalimu alipoingia, akitafuna kama kila asubuhi, ubao ulikuwa mtupu.

"Ni panya, Monsieur," nikasema. "Ilikula."

"Panya ya wapi ile inakulaka karatasi moja tu?"

"Ya kwetu, Monsieur. Inachagulaka."

Darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu alinitazama, akameza, akasema basi, kila mmoja atuandikie mwisho wake mwenyewe.

Hatukuwahi kuandika sentensi ya Kiingereza ambayo haikuanzia ubaoni. Siku ile tuligombania kamusi kama watu wanaogombania nafasi kwenye lori. Mimi nilimwoza tarishi kwa malkia. Jirani yangu wa dawati aliandika kwamba ndani ya barua mlikuwa na gunia la unga.

"Saki ya bunga inaingia namna gani mu enveloppe?" mwalimu akamuuliza.

"Enveloppe ya bazungu iko mukubwa, Monsieur."

Alimpa alama kumi na nane kati ya ishirini. Kuanzia hapo, kila hadithi iliachwa bila mwisho kwa makusudi, nasi tukawa tunaimalizia. Wazazi walitusikia tukibishana kwa Kiingereza kibovu njia nzima hadi nyumbani, wakadhani tumerogwa. Sikumbuki mwaka mwingine wa shida niliocheka hivyo. Nami nilibaki balozi, shukrani kwa panya.

Mwezi uliopita, siku chache baada ya gazeti kutoka, simu ililia. Sauti ya mzee, polepole.

"Mutoto yangu, nilisoma mambo ya panya."

Nikaitambua sauti ya mwalimu wetu, nikasimama wima, mimi mwenye mvi na digrii mbili.

"Ile panya ya kwenu," akaendelea, "ilikuwa inauzishaka karanga ya muzuri sana."

Nikaketi tena, nikabana simu sikioni.

"Siku ile nilikuwa na karatasi yenyewe mu mufuko, na karanga ndani. Kama ningeitoa, mungeandika nini? Ingali kwangu hapa. Iko na mafuta kidogo."

"Nihurumie, Monsieur. Barua ilikuwa ya nani?"

Nikasikia karatasi ikifunguliwa. Akasoma taratibu, kwa matamshi yale yale aliyotufundisha. Barua ilikuwa ya tarishi mwenyewe. Mkuu wake alimkumbusha asiende kazini bila kofia.

"Kofia?"

"Kofia."

"Monsieur, saki ya bunga ilikuwa mwisho wa muzuri zaidi."

"Ndiyo maana nilinyamaza," akasema, na tukacheka hadi yuniti zake za simu zikaisha.