Maana Nisizomwomba Mke Mwenzangu

Niliolewa Mahajanga mwishoni mwa miaka ya sabini, mke wa pili, nikamkuta mke mkubwa ana kitabu. Hadithi za wafalme na majini, Kiswahili cha zamani, kitabu alichoachiwa na babake. Nyumbani tulisema Kimalagasi na Kikomori. Kiswahili kilikuwa cha dini na cha wazee. Herufi nilizijua, maneno mengi sikuyajua, na maana zote zilikuwa kinywani mwake.

Hakunipa bure hata moja.

"Bi mdogo, umeshasugua masufuria?"

"Bado."

"Basi neno lako lingoje."

Nasugua, narudi na majivu mikononi, naye ananipa maana mbele ya wageni, kwa sauti ya kumfundisha mtoto mzito wa kuelewa. Wageni wanacheka. Miaka mingi nilisoma hivyo, nina hamu ya kujua hadithi inaishaje, na ninamchukia. Sioni haya kulisema.

Mume alipokufa tukahamia wote wawili kisiwani Nosy Be, kwenye nyumba aliyotuachia kijijini Ambanoro. Yeye chumba cha mbele, mimi cha nyuma. Mjukuu wangu, anayefanya kazi hotelini Ambatoloaka, akaniletea tableti yenye vitabu vya zamani tele. Neno usilolijua unalibonyeza, maana inatokea chini yake. Hakuna wa kukuamrisha kwanza. Nikawa nasomea barazani makusudi, anione ninavyobonyeza. Alinuna. Mwingine angemhurumia; mimi nililala vizuri.

Siku hizi macho yake yamekwisha. Juzi akaburuta kiti mpaka karibu yangu.

"Soma kwa sauti basi. Au na hiyo unaionea choyo?"

Nikasoma. Mfalme alikuwa na mke aliyempenda, mke akafanya jambo, na jambo lenyewe limeandikwa kwa neno moja tu, nisilolijua. Nikalibonyeza. Maana haikutokea. Nikabonyeza tena. Hakuna kitu. Nikaendelea mbele.

"Umeliruka neno," akasema. "Hadithi hii baba alinisomea."

"Maana haimo humu."

"Maana yake ninayo mimi."

"Sikukuuliza."

"Bila hilo hutajua mfalme kamfukuza mkewe kwa nini."

"Nisijue."

Akanishika mkono. Vidole vyake vilikuwa baridi. "Niulize tu, bi mdogo. Sitaki kitu. Niulize."

Nikautoa mkono wangu, nikafungua ukurasa uliofuata. Mwanamke wa watu alikwishafukuzwa, yuko njiani na mtoto mgongoni. Kwa kosa gani, sijui. Kitabu nimekimaliza hivyo hivyo.