Samli ya Mzazi

Nepi ya mwanangu inanuka kutu na mafuta, na mume wangu, aliyeifanya tambara la kufutia vyuma, bado hajarudi. Nimekasirika. Baba naye alinuka hivi, akifufua mashine ya kukereza chuma iliyoachwa na Mjerumani.

Skurubu zilikataa kulegea, akazipaka samli aliyowekewa mama, aliyekuwa amejifungua juzi.

"Kumbe mzazi ni mashine," mama alisema. "Ilaze kitandani, uinyweshe mtori wa ndizi. Mimi narudi kwetu Uru."

Nikamshika kanga, nisiachwe.

Baba akatoka, akarudi na jani la isale alilolifunga fundo. Kwetu ukiombwa radhi kwa isale hukatai. Mama alilipokea akitazama ukutani, kichanga kikinyonya.

"Mashine imezunguka?" akauliza.

"Bado."

"Samli iliyobaki imo kibuyuni."