Shati Langu kwenye Matenga

Nimechoka na kichwa changu mwenyewe. Nasema hivi mimi mtu mzima mwenye wajukuu, katekista wa kigango kidogo huku Mgeta, ambaye kila Jumamosi huwaambia watoto wa kipaimara walinde mawazo yao. Nawaambia macho ni mlango, masikio ni mlango, na mwenye nyumba ndiye anayeamua nani aingie. Wanaitikia "Ndiyo Mwalimu" huku wakipigana mateke chini ya benchi. Nilikuwa nayasema hayo kwa sauti ya mtu anayejua. Jamani, sikujua kitu.

Simu alininunulia binti yetu anayefanya kazi Dar. Padre hutufikia mara moja kwa mwezi, akijaliwa na barabara, na Jumapili zilizobaki ibada naongoza mimi. Binti akasema, baba, ukiwa na simu ya kupangusa utapata masomo ya kila siku humo humo, hutahangaika na kile kitabu kilichonyofoka. Akanifundisha siku mbili, akaondoka. Mtandao hapa kwetu unashika vizuri sehemu moja tu, kwenye jiwe lililo nyuma ya kanisa. Basi nikawa nakaa pale kila asubuhi, koti begani, nasoma Injili.

Nilijiwekea sheria. Picha chafu, hapana. Kamari, hapana. Miziki ya ovyo, hapana. Nilizishika zote na nilijisifu moyoni, sitaficha. Kumbe nilikuwa nimesimama kulinda mlango wa mbele, na ule wa jikoni uko wazi.

Maana ukimaliza kusoma, simu haikubali uondoke hivi hivi. Inakuletea kitu kingine, na kingine. Akaja mtu mmoja mwenye sauti nzito, amekaa kwenye gari zuri, anaongea habari za ndoa. Hakutukana, hakuonyesha uchi, hata jina la Mungu alilitaja. Alikuwa anasema mwanaume amka, mkeo anayefanya biashara mji mwingine ana mume mwingine huko. Akataja dalili. Anarudi amechoka hataki maongezi. Simu yake haipatikani njiani. Anakuletea kazawadi. Siku za kurudi zinasogea. Nilimsikiliza nikacheka, nikasema watu wa mjini wana mambo. Kesho yake nikamtafuta tena.

Mke wangu anasafirisha mboga. Karoti, kabichi, njegere wakati wake. Mara mbili kwa wiki anashuka na lori hadi sokoni Dar, amekaa juu ya mizigo na wanawake wenzake, kisha anarudi kwa basi mpaka Msamvu, stendi ya Morogoro, na kupanda tena huku juu. Shamba lenyewe ni la ukoo wake, kwa sababu kwetu Waluguru ardhi hupita upande wa mama. Mimi ni mtu niliyekuja kuoa, nikapewa pa kulima na pa kulala. Kwa miaka yote hiyo hakuwahi kunikumbusha hilo hata tukiwa tumekasirikiana.

Nikaanza kuzihesabu dalili. Alikuwa nazo zote, na angekosaje? Ni dalili za mtu yeyote aliyelala juu ya kabichi na kusimama sokoni tangu alfajiri. Lakini kichwa kikishajaa hakihesabu sawasawa. Akirudi na mkate wa kunipendeza, nauangalia ule mkate kwa jicho baya. Akisema mvua imekata barabara wamelala njiani, namjibu "sawa", na ndani yangu yule mwenye gari anasema, umesikia hiyo? Nilikuwa naongoza rozari, mdomo uko kwa Bikira Maria, kichwa kiko sokoni Dar kinamtafuta mwanaume ambaye hata sura sikuwa nayo. Nilikuwa nachoka kuliko siku za kulima, wakati nimekaa tu.

Halafu nikaona vitambaa.

Huku kwetu mboga tunazipakia kwenye matenga, yale makapu makubwa ya kusuka. Lori moja linabeba mizigo ya nyumba nyingi, kwa hiyo kila mtu anafunga kitambaa chake kwenye tenga, na kule sokoni wapagazi na dalali wanajua huu wa fulani, huu wa fulani. Kitambaa cha mke wangu, nilivyokijua mimi, kilikuwa kanga kuukuu, nyekundu. Sasa siku moja asubuhi lori limerudi na matenga matupu, yeye yuko nyuma anakuja na basi, nikashuka barabarani kuyapokea, jambo nililokuwa sijalifanya kwa miezi. Natafuta chekundu, sikioni. Utingo akanisukumia matenga sita. "Haya ya mama wa nyumbani kwako, Mwalimu." Yamefungwa vipande vya shati la kiume, la buluu, lenye mistari myembamba.

Nilikaa kwenye ukingo wa barabara na yale matenga, watu wananisalimia "Tumsifu Yesu Kristo", naitikia "Milele amina" bila kuinua uso. Nilishaamua. Mwanaume ana shati, shati limechanwa, mke wangu anatembea na alama yake mbele ya soko zima. Ungeniambia niape ningeapa.

Ningemuuliza, basi. Neno moja tu: hili la nani? Mtu mwenye akili angeuliza. Mimi nikafanya kile ambacho sisi watu wa jumuiya, majirani tunaosali pamoja nyumba kwa nyumba kila wiki, tunakijua sana na tunajidai hatukijui: nikamsema kwenye maombi. Wenye kuishi jumuiya wanajua. Ukiwa na jambo na jirani, hulisemi kwake, unalipeleka kwa Mungu kwa sauti ya juu, jirani akiwa amekaa hapo hapo. Tumuombee mwenzetu mwenye ulimi. Tumuombee anayechelewesha michango. Wote mnajua ni nani, wote mnaitikia, na hakuna wa kukukamata kwa sababu ulikuwa unasali.

Wiki hiyo jumuiya ilikuwa kwa bibi mwenyekiti, jirani yetu wa upande wa juu. Alasiri, ukungu umeshaingia, tumejaa sebuleni kwake. Mke wangu alikuwa karibu na mlango, bado na tope la safari kwenye viatu. Ilipofika zamu yangu ya kuomba nikafumba macho. Nikasema: "Tuwaombee akina mama wanaoacha waume zao na kushuka mjini, ili tamaa za kule zisiwafanye wafunge mizigo yao kwa nguo za wanaume wasio wao."

Kisha wakaitikia kama kawaida, "Ee Bwana, twakuomba utusikie." Na sauti yake ilikuwamo. Miaka zaidi ya thelathini naijua ile sauti, ni nzito kidogo, inachelewa nyuma ya wenzake. Aliitikia neno kwa neno.

Nyumbani akapika, akaniwekea chakula, akasema, "Karibu chakula, Mwalimu." Sasa hapo mtu wa nje hataelewa. Tangu tupate mtoto wa kwanza ananiita kwa jina la huyo mtoto, baba fulani, kama wake wengine wote. Mwalimu ananiita mbele ya watu tu, kanisani. Siku ile akaniita hivyo jikoni kwetu tukiwa wawili.

Siku ya nne nikashindwa. Nikamkuta uani anachambua karoti, nikamwambia kwa ukali, maana nilikuwa naogopa, "Lile shati ni la nani?"

Hakuinua macho. Aliosha mikono, akaingia ndani, akatoka na shati la buluu lisilo na mikono, na chini limekatwa pande zote. Akalitandika magotini kwangu, akaweka kidole kwenye mfuko wa kifuani. Pale palikuwa na doa la wino mwekundu, kubwa. Kalamu yangu ya kuwekea alama majina ya watoto wa mafundisho ilinivujia hapo miaka mingi nyuma. Nililaani siku nzima, na shati lilipochanika mgongoni nikalitupa kwenye matambara. Sikuwa nimelikumbuka tena.

"Huu wino wa nani, Mwalimu?"

Akaniambia taratibu, kwa sauti ya mtu aliyechoka. Kule sokoni mzigo wa mwanamke wanauchezea. Wapagazi wanachomoa, wanaume wanasumbua, huyu anakushika mkono, yule anataka namba ya simu. Ndipo akapata akili ya kufunga vitambaa vya shati. Wakimuuliza la nani, anawaambia ni la mume wangu, ni mwalimu wa dini, ukigusa mzigo huu umemgusa yeye. "Wananiacha," akasema. "Nimeenda na wewe miezi yote hii."

Loo! Nilitaka ardhi inimeze. Nilimshika mkono, nikamwambia nisamehe mama. Akasema, "Nimekusikia." Akarudi kwenye karoti zake.

Lori lililofuata hakupanda, wala lililofuata hilo. Karoti zikauzwa pale barabarani kwa wachuuzi waliotaja bei yao wenyewe. Bibi mwenyekiti akanisimamisha njiani, nikamwamkia shikamoo, akaniacha na shikamoo yangu hewani kwanza. Kisha akasema, "Marahaba. Mkwe wangu naye amemkataza mkewe lori, anasema hata Mwalimu ameomba. Umetuombea vibaya, mwanangu." Akashika njia yake.

Padre alipokuja nikaungama. Ni kijana, ningeweza kumzaa. Nilimweleza yote, ya simu, ya yule mwenye gari, ya matenga. Nilitegemea anipe sala za kusali, nisali niondoke. Akaniuliza, "Ulimsingizia kwa sauti au kimoyomoyo?" Nikasema kwa sauti. "Basi na kutubu iwe kwa sauti, Mwalimu. Pale pale." Nilimkasirikia. Nilirudi nyumbani nimemkasirikia, na nilijua hajakosea.

Ikaja jumuiya iliyofuata. Zamu yangu ikafika. Sikufumba macho safari hii. Nikasema: "Mimi nilimsema mke wangu kwa uongo mbele yenu, nikamfanya Mungu kuwa shahidi wangu. Lile shati ni langu. Kichwa changu kilijaa takataka nilizozifuata mwenyewe kwenye simu kila asubuhi nyuma ya kanisa, na Injili nimeishika mkononi. Naomba anisamehe, nanyi mnisamehe."

Hakuna aliyeitikia. Hawakujua kama lile lilikuwa ombi au nini. Mtu alikohoa. Bibi mwenyekiti alikuwa anaangalia mkeka. Nilisimama pale nikaona nimemaliza maisha yangu kwenye kijiji hiki, ambacho hata ardhi yake si yangu. Ndipo kutoka upande wa mlango nikasikia sauti moja, nzito kidogo, peke yake: "Ee Bwana, twakuomba utusikie." Wengine wakamfuata.

Nilidhani yameisha. Nililala usingizi ambao sikuwa nimeupata kwa muda mrefu.

Kesho yake mchana alikuwa anapakia, anarudi barabarani. Nilibeba tenga moja kichwani, nikashuka naye kijia mpaka kwenye lori. Nilikuwa nimechukua shati langu jingine zuri, nimelikata mwenyewe vipande asubuhi ile, nikampa. Aliviangalia. Vifundo vyake alishavifunga tayari, vya ile kanga nyekundu. Vipande vyangu akavirudisha mkononi kwangu, na lile kuukuu lenye doa la wino akalitoa kwenye kikapu chake, alikuwa amelikunja vizuri.

"Hili livae wewe, Mwalimu," akasema. "Ukiwa na ile simu yako, ujue una mke."

Akapanda juu ya mizigo. Simu bado ninayo, kwa ajili ya masomo. Asubuhi nakaa kwenye lile jiwe, nimelivaa shati lisilo na mikono bila koti, na baridi ya Mgeta mnaijua. Nikimaliza Injili naizima. Siku nyingine kidole kinataka kuendelea, nami nakaa hapo nikitetemeka, nasubiri arudi nisikie leo ataniitaje.