Faili Tupu Aliyoitupa Mjukuu Wangu

Mjukuu wangu amebeba jina langu, vile desturi yetu inataka. Akiangushwa chuo kikuu, ni mimi nimeangushwa, na Elburgon nzima nilikuwa nimeshaitangazia kwamba anaunda moyo wa kompyuta.

Siku hiyo walimu wake walikuwa wampigie kwa video saa nane mchana, waone kazi ikitembea. Isipotembea, anarudia mwaka. Saa saba nikamkuta mezani, machozi yanadondokea kibodi.

"Soketi imekataa, Shosho."

"Na stima si iko?"

"Si ya ukutani! Ni mahali programu mbili hukutana ndani ya mashine, ziongee."

Akanieleza huku akilia. Kiini cha mashine yake ni kidogo, kinapitisha ujumbe tu. Kazi zingine zote zina watumishi, kila mmoja na yake. Sasa mtumishi wa soketi hakuwepo. Programu ikiita jirani yake, mashine inajibu kwamba haijui kuongea namna hiyo.

Aliizima, akaiwasha. Akabadilisha ruhusa. Jibu lilelile.

"Kunywa chai, mama," nikambembeleza.

"Shosho, saa nane inafika!"

Nikasimama hapo na kikombe. Nimelima viazi kwenye baridi ya Mau, nimezika mume, lakini sijawahi kuwa bure namna hiyo. Nilitaka kuomba, nikakosa maneno. Namwambia Mungu nini, aponye soketi?

Ghafla akashika kichwa. "Ni mimi! Ni mimi mwenyewe!"

Jana yake alikuwa amesafisha mashine, vile tunasafisha nyumba hii kabla wageni wa kanisa hawajafika: kisicho na kazi kinatoka. Aliona faili haina kitu ndani, akaitupa. Kumbe hiyo ndiyo mlango wa yule mtumishi. Ukibisha hapo, ndipo mashine inajua imwite nani.

"Ulinifundisha vibaya," akasema, vidole vikikimbia.

"Nilikufundisha usafi. Sikukwambia utupe mlango."

Akaandika amri ya kuurudisha. Akakosea. Akaandika tena. Simu ya walimu ikaanza kulia na yeye bado anabonyeza. Programu ya kwanza ikatuma neno. Nikashika ukingo wa meza. Kisha ya pili ikajibu.

Akapokea simu, uso bado umelowa. Mwalimu akaita jina letu.

"Niko!" nikaitika mimi, kabla yeye hajafungua mdomo.