Babewana Kwenye Kidani

Nilikuwa nachambua mchicha uani, huku kwetu Mishomoroni, mjukuu wangu alipokuja kunionyesha kidani. Mumewe ni baharia. Alikinunua Uyunani meli yao ilipotia nanga, akamletea mkewe kwa kumzalia mtoto wa kike. Ilikuwa sarafu ya fedha, nene, ukingo haukulingana. Sonara wa siku hizi ameizungushia dhahabu na kuitia mkufu.

"Itazame, nyanya. Ni ya tangu kabla ya Nabii Issa."

Niliona uso wa mwanamke aliyevaa kofia ya vita.

"Nani huyu, jicho kama la samaki?"

"Mungu wao wa kike, Wayunani wa kale. Mwenye duka ndiye aliyemhadithia mume wangu. Babake alimmeza mamake akiwa na mimba. Kisha baba akaumwa na kichwa mpaka wakampasua kwa shoka, na mtoto akatoka humo, mtu mzima, ana mkuki mkononi."

"Astaghfirullah. Na mama je?"

"Alibaki tumboni."

"Ndiyo kazi ya kumwachia mwanamume azae. Lazima liitishwe shoka."

Akacheka, akaigeuza sarafu. Mimi mchicha ukaniponyoka. Upande wa pili alikuwa bundi, ametukodolea macho mawili.

"Ni ndege wa huyo bibi," akasema. "Kwao ni ndege wa elimu, aona gizani."

"Kwao. Kwetu huyu ni babewana, na wewe unanyonyesha. Vua."

"Nyanya, ni sarafu tu."

"Vua, mke mwenzangu. Leo sikutanii."

Hakuvua. Akakishika kidani akaenda zake.

Sikwenda skuli sana. Niliyosomeshwa ni haya: bundi akilia juu ya paa, mama amfunike mtoto. Akimpitia, mtoto hugeuza macho na kukakamaa, na hilo ndilo dege. Na mtoto wa dege hadungwi sindano, maana sindano itamtoa roho. Wanangu wote nimewalea kwa maneno hayo.

Siku chache baadaye, kabla ya adhuhuri, niliwapelekea uji. Mjukuu wangu anakaa kwa mamamkwe wake, mtaa huu huu. Mtoto alikuwa ameamka na homa. Sijafika mlangoni nikasikia ukelele.

Mtoto yuko mapajani mwa mamake, mwili mgumu kama ubao, macho meupe, povu mdomoni. Nikamlaza ubavu. Tukangoja. Kisha akalegea, akavuta pumzi, na ngozi yake yachoma kama sufuria iliyoepuliwa.

"Iteni tuktuk," nikasema. "Twende hospitali."

Mamamkwe mtu akasimama mlangoni, mikono kashika miimo yote miwili.

"Wakamdunge? Mkwe, wewe mtu mzima! Mtoto ana dege huyu, na ndege mwenyewe yule pale kifuani mwa mamake! Mganga nimeshamwita aje amfukize. Wallahi mtoto wa mwanangu hatoki hapa kwenda kudungwa sindano."

Mjukuu wangu akakitazama kidani. "Ni mimi, nyanya. Uliniambia nivue." Na akaanza kunyoosha mikono ampe mamamkwe wake mtoto.

Mtoto akashtuka tena, mguu mmoja. Nikaona akipatwa mara ya pili hapa hapa, na moshi wa mganga juu yake, hatutazika kitu kingine ila yeye. Lakini maneno hayo ya dege niliyaamini nami. Nilikuwa naogopa sindano kama anavyoogopa mkwe wangu, na huyo ndege pia.

Nikaufungua mkufu shingoni mwa mjukuu wangu, nikauvaa mimi.

"Shuhudia, mkwe. Ndege ametoka kwao, yuko kwangu. Kama ana wa kumchukua, anichukue mimi. Aliyebaki pale ni mtoto mwenye homa. Homa yadungwa, haidungwi?"

Akaitazama sarafu shingoni mwangu.

"Nakuuliza wewe."

"Yadungwa," akasema, taratibu.

"Basi nipishe."

Akatupisha. Tena akavaa buibui akaja nasi, na njia nzima alinitazama mimi, si mtoto.

Hospitali walimpima damu. Malaria, imempanda kichwani. Muuguzi alipotoa sindano, mkwe wangu alifumba macho. Mimi nilikodoa, mkono juu ya ile sarafu, baridi kama kokoto. Sindano ikaingia. Mtoto hakulia. Nikahesabu pumzi zake, nikapoteza hesabu, nikaanza upya. Ndipo akakunja uso akapiga yowe, tusi tupu, na mkwe wangu akaketi sakafuni pale pale.

Siku hizi mtoto anatembea, anavunja vikombe vyangu. Baharia aliporudi aliuliza kidani ki wapi. Nikamwambia mkeo utamnunulia kingine, chenye ua. Mkwe wangu tukikutana husema, "U mzima, mkwe?" na hunitazama usoni sana anapongoja jibu. "Mzima," namwambia, ingawa usiku wa kwanza wa kuivaa sarafu sikulala, nasikiliza moyo wangu.

Sindano ndiyo iliyomponya, hilo nalijua na nawaambia wenye watoto. Lakini mtoto akipanda mapajani kwangu na kunyoosha kidole aiguse ile sarafu, naificha chini ya kanga.