Mvinje wa Dona Celeste

Ilianza Jumamosi ya kuelekea Natal, yaani Krismasi, saa tisa alasiri, upepo ukipiga mluzi katika mivinje iliyo mbele ya nyumba yetu. Nilikuwa na miaka tisa, mtoto wa kujificha nyuma ya mlango mgeni akipiga hodi. Lakini Dona Celeste, muuguzi aliyeletwa na serikali kutoka kusini mwa nchi akapanga chumba uani kwetu, nilikwisha kumzoea. Watoto wake walibaki huko kwao. Ile ilikuwa Natal yake ya kwanza bila wao, na alitaka mti wa kweli. "Wangu wa plastiki, ule niliovushiwa mpakani Namoto, unanyonyoka," alisema. "Nyuzi zake nitazifagia mpaka Pasaka." Bibi, mama yake baba, akaguna: "Na ukishazifagia zinaishia wapi, mwanangu? Baharini, tukazile na samaki." Baba akapendekeza mwarobaini. "Mwaka mzima nashinda na dawa, Mzee Salimu, hata Natal ninuke dawa?" Tulicheka sote. Ndipo baba, kwa raha ya kile kicheko, akatamka: "Basi ufukwe ni wako, Dona. Chagua mvinje wowote."

Kwetu neno ulilompa mgeni halirudi mdomoni. Dona alipita mti kwa mti, akinusa majani yake membamba. Akakataa uliopinda, akakataa uliokonda, akasimama kwenye ulionyooka kuliko yote. Huo bibi aliupanda kwa mkono wake, baada ya bahari kula ukingo wa kaburi la babu. Mizizi yake ndiyo iliyozuia mchanga pale, na mvinje ukikatwa shina, usitarajie uchipue tena. Nilimtazama bibi: ameuma ncha ya kanga. Nilimtazama baba: uso umemshuka, lakini panga analo mkononi. Ahadi ni deni. Alipoinua mkono, nikasikia sauti, kumbe ni yangu: "Dona, huo unamshikilia babu!"

Panga likabaki hewani. "Zuhura, nyamaza!" baba alifoka. "Babu yupi?" Dona akauliza. Nilinyoosha kidole tu. Aliliona jiwe la kaburi, akajifunika uso kwa viganja. "Mungu wangu! Na nyote mmeninyamazia?" Bibi aliingia uani, akarudi na mche wa mvinje ndani ya kopo la mafuta. "Chukua huu. Sikukuu ikipita, turudishie tuupande." Ulikuwa mfupi, tena umeinama upande. Dona aliupokea kwa mikono miwili. Baba, jioni ile, hakula nasi. Nilikuwa nimemvunjia neno mbele ya mgeni.

Sasa nina miaka kumi na saba. Tulikimbia vita, tumerudi. Kwa majirani, ambako mivinje ilikatwa kuni wakati hatupo, maji yanafika hadi barazani. Kwetu mstari wa mivinje umesimama, na kaburi lipo. Haya zangu nazo zipo. Bado napenda kuandika kuliko kusema.

Ila nikiikumbuka Natal ile, moyo hutulia nikifika asubuhi iliyofuata. Nilimkuta baba ufukweni na jembe, anachimba mashimo penye mapengo ya ule mstari, miche ya bibi pembeni yake. "Shikamoo, baba." Alichimba kwanza. "Marahaba," akasema mwishowe, macho kwenye mchanga, akaninyooshea mche mmoja. Niliushika ukae wima, yeye akafukia.