Kopo Lililozikwa Nyuma ya Zizi

Emiliana anauza uwele na karanga sokoni Majengo, na ukijaribu kubishana naye bei utaambulia jasho tu. Uvimbe ulipoanza kwenye titi lake la kushoto alibishana nao pia, akasema ni jipu. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini huyu hakuficha, alibisha. Ulipofikia ukubwa wa chungwa akakubali kukatwa.

Hospitali ndogo alikokatwa ilimpa mama yake, Bibi Loisi, kopo lenye uvimbe ndani ya maji ya dawa, alipeleke maabara mjini.

"Usilifungue, mama," muuguzi alisisitiza.

Hakulifungua. Alikwenda nalo kijijini kwao Buigiri akalizika nyuma ya zizi, kwa sababu kwake nyama ya mtu haipelekwi kwa wageni, inarudi kwenye udongo wa kwao. Emiliana alipouliza, mama akamwambia kopo limefika maabara.

Kidonda kilipona, kisha kando ya kovu kikachomoza kivimbe kingine. Daktari Thobias akaulizia majibu. Bibi Loisi akainamisha kichwa na kusema ukweli. Emiliana alikasirika hata akakosa maneno, jambo ambalo Majengo hawajawahi kuliona.

"Bila majibu nitatibu kwa kubahatisha," daktari alisema. "Ulilifungua, mama?"

"Nilikatazwa."

"Basi huenda nyama haijaoza. Lifukueni."

Bibi akaanza kulia. "Ukifukua kilichozikwa, shimo linadai mtu. Litamdai huyu huyu."

"Mama, nikikaa hivi nitakufa tu," Emiliana alisema. "Chimba."

Bibi alichimba mwenyewe, na kopo likapelekwa maabara. Majibu yakaonyesha saratani adimu, isiyoanzia kwenye mirija ya maziwa kama zilivyo nyingi, bali kwenye nyama inayoizunguka. Dawa zinazowasaidia wengine zisingemfaa sana. Alihitaji kisu, na upesi, kabla haijasafiri kwenye damu hadi mapafuni. Picha ya kifua ilikuwa safi. Titi likaondolewa lote.

Maabara walipopima, kingo za nyama iliyokatwa hazikuwa na saratani, dalili kwamba imetolewa yote. Kliniki ataendelea kwenda, hilo halina ubishi. Ila kwanza aliwaambia, "Mmemaliza kupima? Nipeni changu."

Nyuma ya zizi shimo lilikuwa bado wazi. Bibi Loisi hakuthubutu kulifukia. Wakaweka titi ndani, wakalifukia pamoja, mama akashindilia udongo kwa miguu, machozi yakimtoka.

"Lilidai mtu," alisema. "Limepewa titi. Litosheke."